Takwimu za tovuti: nilipie za humo humo au niweke za bure za nje?

#1 NyumbaJambiani
Assalam alaykum wanaukumbi. Nina nyumba ya wageni Jambiani, vyumba sita. Tovuti nilijengewa miaka miwili nyuma kwenye moja ya zile huduma za kujenga kwa kuburuta vipande. Mwezi uliopita wameniandikia kuwa nikitaka takwimu kamili (wageni wanatoka nchi gani, wamepitia ukurasa upi, wameishia wapi) nipande kifurushi cha juu, niongeze dola 14 kwa mwezi. Mwaka mzima dola 168. Nimetoka kwenye masika vyumba vitupu, kwangu hizo si pesa ndogo.

Mtoto wa dada yangu akanambia, "Mjomba, hiyo Google Analytics bure kabisa," akaniwekea. Wale wa kulipia nao wakanipa majaribio ya siku 30. Kwa hivyo wiki tatu sasa ninazo zote mbili. Tabu imeanzia hapo: za ndani zinasema 1,840, Google inasema 610. Tovuti ile ile, wiki zile zile. Ipi ya kweli? Na nilipie au nisilipie?

#2 Fundi_Mkunazini
Waalaykum salaam. Kabla ya kuuliza ipi kweli, uliza kila moja inahesabu nini.

Takwimu za ndani mara nyingi zinatoka kwenye logi (orodha ya maombi) za seva, ile kompyuta inayobeba tovuti. Seva inaandika kila ombi linalofika, awe binadamu au roboti, yaani programu inayopitia tovuti yenyewe. Roboti ni wengi: Googlebot, wa Bing, wa Ahrefs, wa Semrush, na siku hizi hawa wanaokusanya maandishi kufundishia akili bandia. Google Analytics haisomi logi. Inasubiri skripti yake (kipande cha programu) ifunguke ndani ya kivinjari cha mgeni, na roboti wengi hawafungui skripti. Wale wanaojulikana inawatoa yenyewe.

Niliwahi kumtengenezea mtu wa Darajani tovuti ya kuuzia khanga. Kwenye cPanel, pale pa kusimamia seva, mlikuwa na AWStats, programu ya kuhesabu logi, akaona "hits" elfu arubaini kwa mwezi, akafurahi akaagiza mzigo. Hits ni kila faili: ukurasa mmoja wenye picha 30 ni hits zaidi ya 30. Binadamu waliofika mwezi ule hawakuzidi mia nne. Nilimueleza, lakini mzigo ulikuwa umeshatoka Dar.

Basi 1,840 yako imejaa roboti. Chukua 610.

#3 BintiWete
@Fundi_Mkunazini samahani, hapo umekwenda mbio. AWStats na mwenzake Webalizer ndizo zinazosoma logi. Hizi huduma za kuburuta vipande nyingi zinaweka skripti yao wenyewe kwenye kila ukurasa, kama Google tu. Tofauti ni kuwa skripti inatoka kwenye tovuti yenyewe, si kwa mtu wa nje. Sasa roboti asiyefungua skripti ya Google atafunguaje ya hao?

Na hata wawepo, theluthi mbili nzima wawe roboti? Tovuti ya vyumba sita?

#4 UpepoPaje
Namuunga mkono Binti. Mimi nina skuli ya kaiti hapa Paje, wageni wangu karibu wote Ulaya. Tatizo liko upande wa Google: haiwaoni watu, si kwamba yule mwengine kawazidisha.

Kivinjari cha Brave kinaizuia Google Analytics bila mtu kugusa kitu. Firefox ukiiweka kwenye ulinzi mkali, nayo inazuia. Vizuia-matangazo kama uBlock Origin vivyo hivyo. Safari haiizuii lakini tangu 2019 kuki (alama ndogo ya kumkumbuka mgeni) iliyowekwa na skripti inaipa siku saba tu, baada ya hapo mtu yule yule akirudi anahesabiwa mpya. Na wageni wetu hawaweki chumba siku moja. Anaangalia leo, anamuuliza mkewe, anarudi baada ya wiki mbili.

Halafu kuna kile kibango cha kumuomba mgeni ridhaa ya kuki. Nilipokiweka sawasawa, "kataa" ikawa kubwa sawa na "kubali", namba zangu za Google zilishuka wiki ile ile wakati maombi ya masomo hayajashuka hata moja. @NyumbaJambiani wewe unacho kibango?

#5 Mkarafuu_Konde
Mnasahau mtandao. Mimi niko Konde. Skripti ya Google peke yake, hata ikibanwa, inakaribia kilobaiti 100 au inazidi, na mara nyingi inakuja mwisho baada ya picha. Kuna tovuti za hoteli hapa kwetu picha ya kwanza tu megabaiti tano. Mtu yuko kwenye daladala ya Chake, mnara mmoja unampokea mwengine unamtupa, ameona bei, amefunga. Seva imemuona. Google haijamuona.

Kuna vyombo vyepesi. Skripti ya Plausible ni kilobaiti chache tu, ila ile ya kwao ni ya kulipia. GoatCounter nayo nyepesi, na tovuti ndogo inatumia bure.

#6 NyumbaJambiani
Shukran nyote. Kibango ninacho, kijana alikiweka pamoja na Google. Ukikataa, anasema Google haiwashwi. Picha ndio, kubwa, alizipiga mgeni mmoja kwa kamera ya maana nikaona haya kuzipunguza.

Kwa hivyo waliokataa Google haiwaoni, lakini wale wa ndani wanawaona?

#7 UpepoPaje
Ndiyo. Kama yao haitumii kuki, inahesabu bila kuuliza.

#8 Fundi_Mkunazini
#3 nakubali, nimejumlisha. Lakini @NyumbaJambiani nijibu: hiyo 610 imeandikwa nini juu yake? Watumiaji au ziara? Na 1,840?

#9 NyumbaJambiani
Nimefungua sasa hivi. 610 imeandikwa watumiaji. 1,840 imeandikwa ziara.

#10 Fundi_Mkunazini
Haya! Unapima pishi kwa ratili. Mtumiaji mmoja anaweza kuja mara nne, hizo ni ziara nne. Kwenye Google ziara inakatika mtu akikaa kimya dakika 30, akirudi baada ya hapo inahesabiwa nyengine. Nenda kwenye ripoti ya vyanzo vya ziara utizame namba ya ziara.

#11 NyumbaJambiani
905.

#12 BintiWete
Ahsante Fundi, hilo hatukuliuliza sote. Lakini 905 na 1,840 bado ni mara mbili. Hapo ndipo penye mjadala, na nadhani sababu si moja.

#13 MzeeWaBaraza
Vijana, mnahesabu vizuri lakini neno "bure" hamjaligusa. Google haikununua kampuni ya Urchin 2005 ikatugaia sadaka. Inauza matangazo. Mgeni wako anapoingia kwenye nyumba yako, wewe ndiye uliyemfungulia mlango yule anayemwangalia.

Sisi nasi tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, imeanza kutumika Mei 2023. Na Ulaya tangu Mei 2018 wana sheria inayomfuata hata mtu aliye nje akiwauzia watu walio kule. Ukiweka tovuti kwa Kiitaliano na bei kwa yuro, huwezi kusema hukuwalenga. Austria Januari 2022 walisema Google Analytics inavunja sheria hiyo, Ufaransa wakafuata Februari, Italia Juni. Na Waitaliano tunajua wanavyojaa huko pwani ya mashariki.

#14 UpepoPaje
Mzee, heshima yako. Nyongeza tu: kesi zile zilihusu taarifa kupelekwa Marekani. Julai 2023 Ulaya na Marekani wakaweka mpango mpya wa kupitishia taarifa, kwa hivyo hoja ile imelegea. Suala la ridhaa ya kuki liko pale pale.

#15 MzeeWaBaraza
Imelegea, haijafunguka. Mipango miwili kabla ya huo ilivunjwa na mahakama yao, 2015 na 2020. Mimi sijengi nyumba juu ya mchanga wa namna hiyo.

#16 Kizimkazi_Dolfini
Mimi kinyongo changu na za bure ni chengine. Nilikuwa na takwimu za tangu 2014 kwenye Google ile ya zamani. Nikijua Mwaka Kogwa unaleta watu wangapi kwenye ukurasa wa Makunduchi, Sauti za Busara Februari inaleta wangapi, kaskazi na kusi zinatofautianaje. Wakaifunga 2024, vyote vikapotea. GA4, hii Google Analytics ya sasa, haikuvichukua. Miaka kumi, wallahi.

#17 BintiWete
Pole sana. Ila tarehe kwa wanaosoma: iliacha kukusanya tarehe 1 Julai 2023. Mwaka mzima ulikuwa bado unaweza kuingia na kupakua. Julai 2024 ndipo walipoanza kufuta.

#18 Kizimkazi_Dolfini
Najua leo. Barua pepe zilikuja kwa anwani ya yule aliyenijengea, na yeye keshahamia Oman.

#19 PajeSabuni
Hilo la #18 ni kubwa kuliko mnavyodhani. @NyumbaJambiani hiyo Google imefunguliwa kwa barua pepe ya nani? Yako au ya kijana?

#20 NyumbaJambiani
Ya kijana.

#21 PajeSabuni
Akuingize wewe kama msimamizi leo hii. Si kwa kumshuku, kijana ni wako. Akienda kusoma Dodoma akisahau nywila utabaki kupiga simu usiku. Sisi kikundi chetu cha mwani tulipoteza ukurasa wetu wa mwanzo namna hiyo hiyo.

#22 Mkarafuu_Konde
Na za ndani nazo msizisifu. Ukihama huduma ile, takwimu zinabaki kule kule. Mimi nilihama, nikaondoka na maandishi na picha, historia ya wageni sikupewa hata mstari. Kwa hivyo dola 14 unalipia kutazama, hulipii kumiliki.

#23 MtotoWaFumba
Na GA4 inafuta kila baada ya miezi miwili. Hutoweza kulinganisha masika ya mwaka huu na ya mwaka jana.

#24 Fundi_Mkunazini
#23 nusu kweli. Ripoti za kawaida zinabaki. Kinachofutwa ni taarifa za undani unazozitumia kwenye sehemu ya uchunguzi, pale unapojitengenezea majedwali yako. Imewekwa miezi 2 ukifungua, na unaweza kuipandisha mpaka 14. Ni kubonya mara moja kwenye mipangilio, lakini usipobonya mwanzo, iliyokwisha kufutika hairudi.

Kwa biashara yetu fanyeni hivyo siku ya kwanza. Huku Aprili hailinganishwi na Machi. Aprili inalinganishwa na Aprili.

#25 SevaYanguMwenyewe
Nimesoma yote, nashangaa Matomo, chombo chengine cha takwimu, haijatajwa. Ilikuwa ikiitwa Piwik, ipo tangu 2007, jina wamebadilisha 2018. Ukiiweka kwenye seva yako ni bure, taarifa zinakaa kwako, hafuti mtu. Inataka PHP na MySQL tu, programu za kawaida za seva. Wafaransa wamekubali kuwa ikipangwa ipasavyo haihitaji hata kuomba ridhaa. Mzee wa #13 hii ndiyo yako. Mimi naiendesha kwenye kompyuta nyumbani Chake.

#26 UpepoPaje
Nyumbani Chake? Umeme ukikatika je?

#27 SevaYanguMwenyewe
Nina betri. Na umeme wetu ni wa waya wa baharini kutoka Tanga tangu 2010, si ule wa majenereta ya Wesha. Nyinyi wa Unguja ndio mliokaa gizani miezi mitatu, Disemba 2009 mpaka Machi 2010.

#28 Mkarafuu_Konde
Hapo umewapata Waunguja 😄 Na Mei 2008 pia, usisahau.

#29 MzeeWaBaraza
2008 nilikuwa na duka la samaki wa barafu. Tusiende huko. Mpemba, Matomo nimeikubali, lakini nani ataisasisha? Programu isiyosasishwa kwenye seva ni mlango wazi. Mwenye vyumba sita anapika chai ya wageni asubuhi, hana fundi.

#30 SevaYanguMwenyewe
Mzee, hilo kweli. Na kwenye hizi huduma za kuburuta vipande hawezi kuiweka humo ndani, lazima atafute seva pembeni. Seva ya kukodi nayo si bure.

#31 MtotoWaFumba
Mimi natumia Clarity ya Microsoft, ipo tangu 2020, bure. Inakuonyesha mgeni alivyokuwa akisogeza kidole. Niliona watu wanabonya picha ya chumba mara tatu, mara nne, haifunguki. Nilikuwa najua wangapi wamefika ukurasa ule, sikujua kama wanahangaika. Nikaifanya ifunguke. Kwa hili namba yoyote isingenisaidia.

#32 MzeeWaBaraza
Kumrekodi mgeni kidole chake! Hapo sifiki.

#33 PajeSabuni
Naomba nilete la kwetu, maana linakaribia la mwenye uzi. Tunauza sabuni za mwani, tulikuwa tunalipia takwimu za ndani mwaka mzima. Chanzo kikubwa cha wageni kiliandikwa "moja kwa moja". Tukaamini watu wanaandika jina letu wenyewe kwa sababu wanalijua. Tukapunguza kutangaza.

Kumbe ni WhatsApp. Linki ikitumwa WhatsApp na mtu akaibonya, haiji na anwani ya alikotoka, chombo chochote kinaiweka "moja kwa moja". Za kulipia na za bure, zote zilitudanganya sawasawa.

#34 Fundi_Mkunazini
Dawa yake ni alama za utm mwishoni mwa linki. Hilo jina ni la Urchin ya Mzee #13, bado lipo mpaka leo. Ukituma WhatsApp weka linki yenye utm_source=whatsapp, Instagram weka yake. GA4 inasoma, Matomo inasoma, za ndani nyingi nazo zinasoma.

#35 PajeSabuni
Tulifanya, ikasaidia kwa linki tunazotuma sisi. Ile mgeni anayomtumia shoga yake Milano inakwenda kama alivyoinakili, na ikibeba alama ya zamani inahesabiwa kwetu mara ya pili. Mwisho tuliweka daftari dukani. Kila anayenunua anaulizwa ametujuaje. Kurasa nne za daftari lile zimetufundisha kuliko mwaka wa kulipia. Wengi walisema dereva wa teksi.

#36 Kizimkazi_Dolfini
Dereva wa teksi hana utm.

#37 BintiWete
@NyumbaJambiani tizama na saa. Akaunti ya Google ukiifungua bila kuchagua, inakuwekea saa za Los Angeles. Sasa hivi ni masaa kumi nyuma yetu. Mtu akiingia saa mbili usiku hapa, ripoti inamuandika saa nne asubuhi. Wiki tatu zako zinaweza kuwa zinaanzia na kuishia pahala tofauti kwenye vyombo viwili.

#38 NyumbaJambiani
Subhanallah. Los Angeles kweli. Na nilishamwambia kijana wa mapokezi awe anakaa na simu saa nne asubuhi kwa sababu ndipo "wanapojaa". Kumbe ni baada ya Isha!

Na jengine. Mji unaoongoza kwenye zote mbili ni Dar es Salaam. Nilitaka nitangaze redio ya kule. Ni kweli?

#39 Mkarafuu_Konde
Usitoe pesa bado. Mji unakisiwa kwa anwani ya mtandao, na anwani za laini za simu mara nyingi zimeandikwa Dar hata ukiwa Pemba. Mimi niko Konde, ripoti yangu mwenyewe inanambia niko Dar. Watu wako wa "Dar" wanaweza kuwa wa Bwejuu.

#40 UpepoPaje
Au wamo ndani ya nyumba yako. Una QR popote?

#41 NyumbaJambiani
Ipo. Juu ya kila meza, ya menyu. Inafungua ukurasa wa chakula kwenye tovuti.

#42 UpepoPaje
Basi ndio hao. Mgeni mmoja anakula mara tatu, siku tano. Ziara kumi na tano, "kutoka Dar".

#43 BintiWete
Inaweza pia kueleza ile mara mbili. Mtu anasoma menyu sekunde sita, kibango cha kuki hakigusi, anaweka simu. Google bado inasubiri ajibu. Za ndani zimeshamhesabu.

#44 Fundi_Mkunazini
Inaweza. Na roboti bado nawadai sehemu yao. Afungue siku moja usiku wa manane, kama za ndani zina ziara mia hakuna mtu aliye macho, ni hao.

#45 MtotoWaFumba
Kwetu manane, Marekani watu wako macho.

#46 Fundi_Mkunazini
Kweli. Basi atizame nchi.

#47 NyumbaJambiani
Nchi ndizo hizo za kifurushi cha juu, nazo nina siku tisa tu. Nimemwita kijana Ijumaa baada ya sala. Tutabadilisha saa, tutaipa QR linki yenye alama yake, niingizwe kuwa msimamizi, na miezi 14. Picha nitazipunguza nikimaliza kuomba radhi kwa aliyezipiga. Za kulipia nitaamua siku ya 30 ikifika. Daftari nimeshalinunua.

#48 SevaYanguMwenyewe
Ukibadilisha saa, za nyuma hazirekebishiki. Andika kwenye hilo daftari tarehe mliyobadilisha.

#49 BintiWete
Na kabla ya siku ya 30, ingia upakue kila jedwali la za ndani wanaloruhusu, siku kwa siku ikiwezekana. Wakifunga utakuwa nalo. Ukituletea hapa bila majina ya watu, mie na Fundi tutalifungua tuone nani kasababisha ile mara mbili.

#50 Fundi_Mkunazini
Roboti.